Kwa mnaoanza kusoma Hansadi za Seneti: niliyojifunza kwa kumfuata James Orengo

Wadogo zangu mnaoanza kuifuatilia Seneti ya Kenya, iwe mmetumwa na chumba cha habari, na ofisi ya seneta, au na mhadhiri anayesubiri tasnifu mwisho wa muhula, swali mnaloniuliza ni lilelile: nianzie wapi? Kumbukumbu rasmi za vikao, zile tunazoziita Hansadi, ni maelfu ya kurasa. Mtu akizifungua bila wa kumwongoza huchoka kabla hajamaliza vikao vya mwezi mmoja.

Jibu langu ni hili. Chagua seneta mmoja mkongwe, umfuate neno kwa neno, mwaka hadi mwaka, mpaka ujue anavyofikiri akiwa amesimama mbele ya wenzake. Usianze na mswada wala na mada. Anza na mtu. Mtu mmoja atakupitisha kwenye miswada, hoja, kura, ugomvi na maridhiano, na kila utakapofika utakuwa na sababu ya kuwa pale.

Mimi nilimfuata James Orengo, seneta wa Siaya kuanzia 2013 hadi 2022. Sikumchagua kwa chama wala kwa kabila. Mimi ni mtu wa Pwani na sijawahi kupiga kura Siaya. Nilimchagua kwa sababu ya urefu wa safari yake. Aliingia bungeni mara ya kwanza 1980, kwa uchaguzi mdogo wa Ugenya, hata miaka 30 hajatimiza. Charles Njonjo, aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu, alipowabandika wabunge saba wakaidi jina la kina dada wenye ndevu, Orengo alikuwa mmoja wao, pamoja na Mwashengu wa Mwachofi na Chibule wa Tsuma wa huku kwetu Pwani. Baadaye alikimbilia Tanzania. Akaja kuwa miongoni mwa vijana wa FORD, vuguvugu la upinzani lililodai vyama vingi, akarudi bungeni 1992, akawasilisha hoja ya kutokuwa na imani na serikali ya Moi 1998, akagombea urais 2002, na akawa Waziri wa Ardhi katika serikali ya mseto. Kortini napo, 2017, aliongoza mawakili wa Raila Odinga katika kesi iliyofanya Mahakama ya Juu ifute uchaguzi wa urais. Mtu wa namna hiyo akisimama kusema juu ya kifungu cha Katiba, nyuma ya sentensi zake kuna miaka 40 ya kuona serikali zikija na kuondoka.

Wewe una hiari ya kumchagua mwingine. Angalia tu awe amekaa zaidi ya muhula mmoja, awe amewahi kuwa upande wa serikali na upande wa pili, na awe anazungumza mara kwa mara. Mkongwe aliyekaa kimya miaka mitano hatakufundisha kitu kupitia Hansadi, hata kama ni mtu wa hekima kubwa nyumbani kwake.

Kabla ya hotuba ya kwanza, ijue nyumba yenyewe. Seneti ina wanachama 67 mbali na Spika: 47 wa kuchaguliwa, mmoja kwa kila kaunti, wanawake 16 walioteuliwa na vyama, wawakilishi wawili wa vijana na wawili wa watu wenye ulemavu. Kifungu cha 96 cha Katiba kinasema iko pale kuwakilisha kaunti na kulinda maslahi yake na ya serikali zake. Kenya iliwahi kuwa na Seneti nyingine, ya 1963, ambayo haikumaliza hata miaka minne. Ya sasa ilizaliwa na Katiba ya 2010 na kuanza kazi 2013, na mwaka huohuo ikajikuta ikivutana na Bunge la Taifa juu ya Mswada wa Ugavi wa Mapato. Suala hilo lilifika Mahakama ya Juu, ambayo tarehe 1 Novemba 2013 ilitoa ushauri kwamba Seneti ilistahili kushirikishwa. Mkisoma hotuba za miaka ile ya mwanzo mtashangaa kuona maseneta wakizungumzia heshima ya nyumba yao karibu kila wiki. Walikuwa wanapigania pa kusimama.

Jambo la pili ni kura, na hapa nawaomba mtulie, kwa sababu ndipo wengi hupotea. Seneti hupiga kura kwa namna mbili. Katika mambo yanayohusu kaunti, kura huwa ya ujumbe wa kaunti: kaunti moja, kura moja, jumla 47, na anayeipiga ni kiongozi wa ujumbe, ambaye kwa kawaida ni seneta aliyechaguliwa. Katika mambo mengine kila seneta ana kura yake, akiwemo yule aliyeteuliwa. Gavana wa Nairobi Mike Sonko alipoondolewa tarehe 17 Desemba 2020, kura zilikuwa 27 kwa 16, na zilikuwa kura za ujumbe wa kaunti; kilichohitajika ni 24. Naibu Spika Kithure Kindiki alipoondolewa tarehe 22 Mei mwaka huohuo, kura zilikuwa 54 kwa 7, na kila seneta alipiga kura yake mwenyewe. Kilichohitajika ni thuluthi mbili ya 67, yaani 45. Ukiandika kwamba maseneta 27 tu ndio waliotaka Sonko aondoke, utakuwa umewafuta maseneta wateule wote ambao hawakuwa na kura siku ile, na walikuwemo waliokuwa na msimamo mkali.

Kwa nini nasisitiza kura wakati mada ni michango ya mzungumzaji? Kwa sababu hotuba bungeni ni kitu kinachoelekea mahali. Inaelekea kwenye uamuzi. Hansadi ya seneta mkongwe isomwe ikiwa na kura pembeni, la sivyo utabaki na ufasaha mtupu.

Nililijifunza hili kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza, katika chumba cha habari ambacho sitakitaja, nilimsikiliza seneta mmoja akiuchambua mswada kwa ukali, kifungu baada ya kifungu. Nikaondoka kwenye roshani ya waandishi, nikaandika kwamba ameupinga. Kesho yake mhariri aliniita, akaniwekea ukurasa wa Hansadi mbele yangu na kuweka kidole kwenye mstari wa mwisho kabla ya seneta kuketi. Alikuwa amesema anaunga mkono, akitarajia marekebisho katika hatua ya kamati. Nilikuwa nimeacha kusikiliza na kuanza kuandika. Tangu siku ile sijawahi kuripoti msimamo wa mtu kabla ya kusikia sentensi yake ya mwisho.

Maelezo yake ni haya. Mswada unaposomwa mara ya pili, mjadala ni wa kanuni yake kwa ujumla. Mtu anaweza kuukubali kwa jumla huku akichukia vifungu vyake sita, na atavitaja vyote ili wenzake wajue marekebisho anayokuja nayo baadaye. Ukali wake ni maandalizi ya hatua inayofuata. Kwa hiyo mkikuta mkongwe amekosoa mswada, msifunge faili. Nendeni mbele mpaka siku ya kamati ya nyumba nzima, ambapo mswada hupitiwa kifungu kwa kifungu, mtazame kama alileta marekebisho kweli na yalipita mangapi. Wapo waliovuma siku ya mjadala na siku ya kamati hawakuonekana.

Sasa niwapeleke kwenye mjadala ambao kwangu ndio shule yenyewe: Mswada wa Marekebisho ya Katiba wa 2020, ule wa BBI, yaani mpango wa maridhiano wa Building Bridges Initiative, uliojadiliwa Seneti kuanzia mwishoni mwa Aprili 2021.

Kumbukeni mazingira. Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walikuwa wamepatana, na mpango huo ulikuwa wao. ODM, chama cha Orengo, kilikuwa mstari wa mbele kuupigia debe. Orengo mwenyewe alikuwa Kiongozi wa Wachache, yaani wa upande wa upinzani, katika Seneti tangu Machi 2018, alipochukua nafasi ya Moses Wetang'ula. Kwa hesabu ya kawaida ya siasa, kazi yake ilikuwa kusimama, kuusifu mswada na kuketi.

Ndani ya mswada mlikuwa na jedwali la pili. Lilipendekeza maeneo bunge mapya 70 juu ya yale 290 ya sasa, na likataja kila kaunti ingepata mangapi. Orengo alisimama akasema wazi kwamba jedwali lile lina kasoro ya kikatiba, kwa kuwa kazi ya kugawa maeneo bunge Katiba imeipa tume ya uchaguzi na mipaka. Pia hakukubali kwamba Bunge liko pale kupitisha tu mswada ulioletwa na wananchi, bila kuwa na neno juu ya yaliyomo. Hilo la pili lilikuwa zito, kwa sababu wengi waliotaka mswada upite haraka walishikilia kuwa Bunge haliwezi kugusa hata nukta.

Someni hotuba ile polepole. Angalieni anavyopanga hoja: kwanza Katiba inasema nini, kisha mswada unasema nini, kisha viwili hivyo vinagongana wapi. Hatukani mtu. Hataji nani atafaidika kwa maeneo mapya, ingawa kila aliyekuwemo ndani ya ukumbi alijua kaunti zipi zinasubiri kwa hamu. Anaiweka hoja mahali ambapo mpinzani wake hana budi kuijibu kwa Katiba. Hiyo ndiyo tofauti ya wakili mzee na mwanasiasa mwenye sauti, na ndiyo ninayotaka mzoee kuiona hata pale msipokubaliana naye.

Kisha tazameni yaliyofuata. Bunge la Taifa liliupitisha tarehe 6 Mei 2021. Seneti ikaupitisha tarehe 11 Mei, kwa kura 51 dhidi ya 12, mmoja akijizuia. Siku mbili baadaye Mahakama Kuu iliuangusha mpango mzima. Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo mwezi Agosti kwa sehemu kubwa. Mahakama ya Juu ilipotoa neno la mwisho tarehe 31 Machi 2022, ilitofautiana na mahakama za chini katika mambo mengi, lakini jedwali la pili halikupona. Majaji walisema lilikiuka Katiba kwa sababu wananchi hawakushirikishwa juu yake.

Nawasihi msikimbilie kuandika kwamba Orengo alitabiri. Njia ya majaji, yaani ushirikishwaji wa wananchi, haikuwa ileile aliyoikazia yeye. Linaloweza kusemwa kwa uaminifu ni hili: karibu mwaka mzima kabla ya hukumu, ndani ya nyumba iliyokuwa na haraka, kiongozi wa upande uliotaka mswada huo alisimama akaonyesha kidole sehemu ambayo baadaye haikustahimili uchunguzi. Na jambo hilo lilimgharimu. Chamani kwake kulikuwa na manung'uniko, na kwa wiki kadhaa magazeti yaliandika kuhusu uwezekano wa kuvuliwa uongozi. Alibaki katika nafasi yake hadi mwisho wa muhula, akaenda kugombea ugavana wa Siaya na kuupata.

Kwangu mimi huu ndio mchango wake mkubwa kuliko yote katika Seneti, ingawa haukubadilisha kura. Najua wapo wenzangu katika kazi hii wanaopima mchango kwa matokeo tu. Siafikiani nao. Nyumba ya pili ya Bunge imewekwa ili pawepo mtu wa kusema ngoja tuangalie tena, na ni haki asikilizwe hata anaposhindwa kwa kura, kwa sababu maneno yake yanabaki kwenye kumbukumbu na wengine watayakuta.

Kuna hotuba nyingine ya Orengo mnayoijua bila kuisoma. Kile kipande cha video kimezunguka kwenye simu za watu kwa miaka. Akiwa ukumbini, aliwaonya wenzake wa Jubilee, chama tawala wakati huo, kwamba serikali hula watu wake, akamlenga Kipchumba Murkomen, wakati huo Kiongozi wa Walio Wengi, kwamba haitachukua muda kabla naye hajapata shida na serikali hiyohiyo aliyokuwa akiitetea. Mei 2020 Murkomen akavuliwa uongozi, na nafasi yake akapewa Samuel Poghisio. Tangu hapo kipande kile husambazwa kama unabii kila mwanasiasa anapoachwa na wakubwa wake.

Mimi nawaambia kirudisheni kipande hicho mahali kilipotolewa. Tafuteni kikao chake, msome hoja iliyokuwa mezani, nani alizungumza kabla yake na kusema nini. Mtaona kwamba sentensi ile ni sehemu ya hoja kuhusu mamlaka yasiyodhibitiwa: kwamba anayeiruhusu serikali ivunje sheria dhidi ya mpinzani wake anaiachia mkono ambao kesho utamfikia yeye. Hiyo ni hoja ya kisheria na ya kihistoria, kutoka kwa mtu aliyeshuhudia mawaziri wenye nguvu wa enzi za chama kimoja wakianguka. Kwenye simu imebaki kama mpasho. Kwenye Hansadi ina uzito mwingine kabisa.

Mkishaisoma hivyo, fungueni sasa kikao cha tarehe 22 Mei 2020, siku Kindiki alipoondolewa katika kiti cha Naibu Spika. Hizo kura 54 hazikutoka Jubilee peke yake. Upande wa wachache, ule ulioongozwa na Orengo, uliungana na upande wa serikali. Wekeni siku hizo mbili kandokando: siku aliyoonya kwamba serikali hula watu wake, na siku ambayo upande wake ulisaidia mmoja wa watu hao kuondolewa. Sisemi haya kumshushia heshima, namheshimu sana. Nasema kwa sababu mwanafunzi anayempenda mzungumzaji huanza kumsamehe mapema, na anayemchukia huanza kumhukumu mapema, na wote wawili huacha kusoma. Kuweka siku mbili kandokando kunakulazimisha uulize maswali ya kweli. Siasa ya maridhiano ilibadilisha nini katika kazi ya upinzani? Je, hoja ya mtu hubaki sahihi hata yeye asipoifuata? Huyo Kindiki leo ni Naibu wa Rais, baada ya Seneti hiyohiyo kumwondoa Rigathi Gachagua Oktoba 2024. Kumbukumbu hizi hazipitwi na wakati haraka.

Sasa habari ya michango midogo. Wanaoanza hutafuta hotuba ndefu, na ni kweli kanuni huwapa viongozi wa pande mbili muda mrefu kuliko maseneta wengine, kwa hiyo hotuba zao hujaza kurasa. Lakini mkongwe hufanya kazi yake nyingi kwa sentensi nne. Anasimama kwa hoja ya nidhamu, anamkumbusha Spika kwamba jambo hili liko mahakamani, au kwamba aliyezungumza ametoa tuhuma bila kuithibitisha, au kwamba hoja iliyo mezani inahitaji thuluthi mbili na ukumbini hakuna watu wa kutosha. Anaketi. Spika anatoa uamuzi, na mjadala mzima unageuka njia. Katika kumbukumbu utaona mistari mitano tu, na ukiipita haraka hutaelewa kwa nini hoja iliyokuwa ikielekea kupita saa kumi jioni ilisukumwa hadi wiki ijayo.

Kwa Orengo mtazikuta hizi kwa wingi. Nilipoanza nilizipita kama vile mtu anavyopita matangazo ya vifo. Sasa ndizo ninazozisoma kwanza. Nina daftari la hoja zake za nidhamu peke yake, na pembeni ya kila moja nimeandika Spika aliamua nini: Ekwee Ethuro katika muhula wa kwanza, Kenneth Lusaka katika wa pili. Ukiwa na daftari kama hilo utaanza kuona Kanuni za Kudumu zikifanya kazi, na hakuna semina itakayokufundisha kanuni vizuri kuliko hivyo.

Hapo hapo niseme juu ya alama za ufaulu. Shirika la Mzalendo limefanya kazi ya kusifika kwa kuwawekea wananchi Hansadi mahali pa kutafutika kwa jina la mbunge, na kwa kuhesabu nani alizungumza mara ngapi. Itumieni hesabu hiyo. Inawaumbua waliopokea mshahara bila kufungua kinywa. Ila msiitumie kulinganisha uzito, maana aliyesimama mara 200 kuwakaribisha wanafunzi waliotembelea Bunge kutoka kaunti yake atahesabiwa juu ya yule aliyesimama mara 60 na kugeuza miswada mitatu. Kuwakaribisha wanafunzi ni jambo jema, na wale watoto hawasahau siku ile. Sicho tunachotafuta katika kazi hii, basi.

Na kuna mchango ambao Hansadi haiuoni kabisa. Mwaka 2020 Seneti ilikwama kwa miezi juu ya fomula ya kugawa fedha kwa kaunti 47. Kaunti zenye watu wengi zilivuta huku, za maeneo makavu na mapana zikavuta kule. Hoja ilirudi ukumbini tena na tena bila mwafaka. Tarehe 17 Agosti maseneta watatu, Cleophas Malala wa Kakamega, Christopher Langat wa Bomet na Steve Lelegwe wa Samburu, walikamatwa na polisi, na mjadala wa siku hiyo ukageuka kuwa wa usalama wa maseneta wenyewe. Baadaye kamati ya watu 12, ikiongozwa kwa pamoja na Moses Wetang'ula na Johnson Sakaja, ilijifungia kutafuta njia. Mwafaka ukapatikana tarehe 17 Septemba: fomula mpya ingeanza kutumika pale tu fedha za kaunti zitakapopandishwa kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370, ili pasiwe na kaunti itakayopunguziwa. Siku ya kura hotuba zilikuwa za furaha na shukrani. Msuguano wenyewe ulikuwa umemalizwa vyumbani, na kwenye kumbukumbu hamtaukuta. Kwa siku kama hizo inabidi mtoke, mwende kwa makarani, kwa wasaidizi, kwa maseneta wenyewe, muulize nani alimsogeza nani. Nilipokuwa kijana niliogopa kuwauliza wakubwa. Msiogope. Mkongwe aliyestaafu hupenda kuulizwa swali lililosomewa.

Niseme kidogo kuhusu kuisoma Hansadi kama maandishi. Chini ya kurasa za nakala ya kielektroniki kuna onyo kwamba nakala hiyo ni ya kutoa habari tu, na kwamba iliyothibitishwa hupatikana kwa mhariri wa Hansadi. Ukiandika tasnifu au ukipeleka nukuu kortini, onyo hilo linakuhusu. Someni mabano pia. Yanaeleza vicheko, makofi, aliyezungumza kipaza sauti kikiwa kimezimwa, na nani amekalia kiti cha Spika kwa saa hiyo. Mkiona mabano yanayosema kulikuwa na mashauriano ya sauti kubwa, jueni ukumbi ulikuwa na kelele kiasi kwamba mzungumzaji hasikiki; waandishi wa Hansadi wana adabu. Hotuba iliyotolewa katikati ya mashauriano kama hayo isomwe tofauti na iliyosikilizwa kimya.

Na lugha. Katiba, katika kifungu cha 120, imefanya Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge, na kanuni zinamtaka seneta aliyeanza kwa lugha moja amalize kwa lugha hiyohiyo. Orengo alizungumza zaidi kwa Kiingereza. Mohamed Faki wa Mombasa alizoea Kiswahili, na michango yake imechapwa kwa Kiswahili vilevile alivyoitoa. Nyinyi mtakaoandika kwa Kiswahili msomeni Faki sambamba na mkongwe wenu, hata kama mada ni tofauti, ili masikio yenu yazoee namna mambo ya ukumbini yanavyosemwa na mtu anayeifikiria lugha hiyo. Vinginevyo mtatafsiri neno kwa neno. Nimewahi kusoma habari iliyosema seneta fulani yuko sakafuni, kumbe alikuwa amepewa nafasi ya kuzungumza. Msomaji wa Lamu au Kisumu aliyeisoma alidhani mtu ameanguka. Tuna hoja ya nidhamu, tuna kiranja, tuna siwa, tuna mswada na kusomwa mara ya pili. Maneno haya yapo na yanaeleweka, yatumieni bila kusitasita.

Kuhusu daftari, mimi hugawa ukurasa sehemu nne. Ya kwanza ni tarehe na jambo lililokuwa mezani. Ya pili ni hoja ya mkongwe kwa maneno yangu mwenyewe, si kwa kunakili, kwa sababu nisipoweza kuisema kwa maneno yangu sijaielewa. Ya tatu ni nani alimjibu na kwa nini. Ya nne ni kura, pamoja na aina yake, ya ujumbe au ya mtu mmoja mmoja. Sehemu ya nne huwa tupu kwa wiki kadhaa, wakati mwingine kwa miezi, maana mambo huahirishwa. Iacheni tupu, msiijaze kwa kukisia.

Kwa wiki yenu ya kwanza, chukueni vikao vitatu tu: mjadala wa mswada wa BBI wa Aprili na Mei 2021, kikao cha tarehe 22 Mei 2020, na kikao kimoja cha mwaka 2013 mtakachokichagua wenyewe, ili mwone mtu huyohuyo kabla hajawa kiongozi wa upande wake. Someni cha 2013 mwisho. Mkishamaliza, njooni na daftari, tukae tulinganishe sehemu ya tatu, kwa sababu hapo ndipo mimi na wanafunzi wangu hatujawahi kukubaliana hata mara moja.